Hoja na Mwenye Hoja



Wasikilizaji wangu, jioni hii nataka tuzungumze juu ya kupima hoja. Adabu ya kubishana tunayo. Mabaraza ya Mkomani na Langoni, hapa mjini Lamu, yametulea hivyo: mdogo humpisha mkubwa, mgeni hasemeshwi kwa ukali, na mtu akianza neno huachwa alimalize. Ninalolitafuta ni jingine. Mtu akishasema, na akasema vizuri, na watu wakamuitikia, tutajuaje kwamba alilolisema linatokana kweli na ushahidi alioutoa? Maana watu wenye adabu na nia njema wanaweza kukubaliana jambo lisilo na msingi, kisha gharama yake wakailipa watoto wao.

Mfano wangu kila mmoja wenu anaujua: mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, hapa Lamu. Nawakumbusha kwa ufupi. Kampuni ya Amu Power, iliyoundwa na Gulf Energy na Centum, ilitaka kujenga mtambo wa megawati zipatazo 1,000 kwa gharama ya dola bilioni 2. Septemba 2016 NEMA, mamlaka ya mazingira, ikatoa leseni. Kikundi cha wenyeji, Save Lamu, na wenzao wakaenda kwenye Jopo la Kitaifa la Mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 jopo likaifuta leseni ile. Kampuni ikakata rufaa, na Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi ikaitupa rufaa hiyo. Karibu miaka kumi ya mabishano, misikitini, gatini, kwenye mikutano ya chifu, kwenye harusi. Nami sikuutaka mtambo ule, na hata leo siutaki. Nawaambia mapema ili mnipime vizuri. Lakini katika miaka hiyo hoja nzuri na hoja mbovu zilitoka pande zote mbili, na zile mbovu hazijaondoka. Zinangoja jambo lijalo.

Tuanze na swali lililosikika kuliko yote: nani kakutuma?

Kijana alisimama mkutanoni akaeleza kwamba moshi na majivu yatadhuru vifua vya watu na bahari. Akajibiwa: wewe umelipwa na mashirika ya ng'ambo. Mzee akasimama akasema vijana wetu wamekaa bila kazi, mradi huu usikataliwe haraka. Naye akajibiwa: wewe kampuni imeshakununua. Wote wawili wakanyamaza, watu wakacheka au wakanung'unika, mkutano ukavunjika. Swali la moshi lilibaki palepale, na swali la kazi vilevile. Hakuna aliyetoka pale akijua zaidi ya alivyokuwa akijua alipoingia.

Msinifahamu kwamba nasema kumtazama msemaji ni kosa kila mara. Amu ni mji wa elimu, na walioketi darasani Riyadha, msikiti aliouasisi Habib Swaleh, wanajua kwamba hadithi haipimwi kwa maneno yake peke yake. Hutazamwa sanad, yaani nani kapokea kutoka kwa nani, na mpokezi anayejulikana kwa uongo au kwa kusahau riwaya yake hudhoofishwa. Kwa nini? Kwa sababu sisi hatukuwapo. Jambo lenyewe hatuna njia ya kulijua ila kupitia mdomo wake, kwa hivyo uaminifu wake ndio ushahidi. Lakini wanavyuoni haohao wana elimu nyingine, ya mantiki, nayo huuliza swali tofauti kabisa: nikikubali hili na lile, je, natija inafuata? Hapo hata akisema hasimu wako, natija ikifuata imefuata, na akisema babako mzazi, isipofuata haikufuata.

Kinachotupoteza ni kuzichanganya hizi mbili. Mtu wa kampuni akija akasema, "Mimi nimefika nchi fulani, nimeuona mtambo kama huu, na samaki wako tele," huo ni ushuhuda. Unaombwa umuamini yeye. Hapo una haki kamili ya kuuliza nani alilipia safari, alipelekwa wapi na hakupelekwa wapi. Lakini mtu huyohuyo akifungua ripoti ya tathmini ya mazingira akakuonyesha jedwali na kusema kwa hesabu hii joto la maji yatakayorudishwa baharini litakuwa kadha, basi kumwambia umelipwa si jibu. Jibu ni kulisoma jedwali, au kumtafuta anayeweza kulisoma. Kulipwa kwake kutakufanya usome kwa makini zaidi, na ni vizuri. Hakuwezi kukuambia kama hesabu imekosewa.

Na hapa kwetu swali hili lina sura nyingine iliyo chungu zaidi: wewe kwenu wapi? Tuna historia ya ardhi inayouma, na tangu watu walipopewa makazi Mpeketoni mwanzoni mwa miaka ya 1970, kuna mabishano ambamo mtu husikilizwa au hukataliwa kabla hajafungua kinywa, kwa jina lake tu au kwa lafudhi yake. Naelewa jeraha lilikotoka. Hata hivyo mkulima wa Mpeketoni akisema majivu yakipeperushwa yataangukia pamba na mihindi yake, hilo ni dai kuhusu upepo na majivu. Linajibiwa kwa upepo na majivu. Kabila lake halimo katika hesabu hiyo, na anayeliingiza amekosa la kujibu.

Nimekaa hapo kwa muda kwa sababu naamini ndipo tunapoumizwa zaidi. Sasa nije kwenye kasoro ambayo haionekani kwa urahisi, nayo ndiyo iliyoamua kesi yenyewe.

Upande wa leseni ulisema wananchi walishirikishwa. Ushahidi ulikuwapo: mikutano ilifanyika, watu walihudhuria. Hakuna aliyeweza kusema mikutano ile ni ya uongo. Jopo lilifanya jambo dogo ambalo kila mmoja wetu angeweza kulifanya: likatazama kalenda. Mikutano ilifanyika lini, na utafiti wa athari ulifanyika lini? Likakuta kwamba mikutano ile ilikuwa ya kuutambulisha mradi, kabla ya utafiti. Kanuni za mwaka 2003 zinataka watu watakaoathirika waulizwe maoni wakati wa utafiti wenyewe, kwa matangazo magazetini na redioni, na kwa mikutano isiyopungua mitatu. Matokeo ya utafiti yalipokuja, yenye habari ya majivu, ya moshi, ya maji, watu wa Lamu hawakuketishwa wakaelezwa na kuulizwa inavyotakiwa.

Tazameni lilipo kosa. Orodha ya mahudhurio ilikuwa ya kweli. Inathibitisha kwamba watu walikuja. Haithibitishi kwamba waliambiwa majivu yatalundikwa wapi, kwa sababu siku ile hata aliyeitisha mkutano alikuwa hana jibu hilo. Ushahidi ulikuwa mzima. Ulithibitisha tu jambo lingine, lililo jirani na lile lililodaiwa. Na kwa kuwa yako jirani, macho hupita bila kuona pengo.

Hili liko kila mahali. Boti ya abiria inajaa gatini, mama anauliza juu ya usalama, anaonyeshwa cheti. Cheti kinathibitisha kwamba boti ilikaguliwa siku ilipokaguliwa. Yeye aliuliza kama leo, na watu hawa wote, kila mmoja ana jaketi la kuokolea. Mwalimu anasema mtaala umemalizwa; mzazi alitaka kujua kama mtoto ameelewa. Chama kinasoma hesabu kwamba fedha zimetumika zote. Wanachama waliuliza zimefanya nini. Ukiizoea tabia ya kuuliza ushahidi huu ni wa dai gani hasa, utashangaa ni mara ngapi unatolewa ushahidi safi wa jambo ambalo hukuliuliza.

Kulikuwa pia na ile hoja ya njia mbili: mnataka umeme, au mnataka kubaki gizani? Ilisemwa kwa ukali, kana kwamba anayekataa makaa anakataa taa. Lakini njia zilikuwa zaidi ya mbili. Mvuke wa ardhini umekuwa ukitoa umeme Olkaria tangu 1981. Upepo wa Turkana ulizinduliwa rasmi Julai 2019, megawati 310, mwezi uleule ambao wino wa hukumu ya jopo ulikuwa haujakauka. Na hapa Lamu kwenyewe, baada ya miaka ya majenereta ya dizeli, laini ya umeme ya taifa ilitufikia ikitoka Rabai kupitia Malindi na Garsen. Anayekupa njia mbili tu, mwombe azitaje alizoziacha.

Ndani ya hoja hiyohiyo kulifichwa jambo jingine ambalo halikusemwa kwa sauti. Kusema nchi inahitaji mtambo huu ni kudhani kwamba umeme wake utapata wa kuutumia. Mwaka 2013 serikali ilitangaza mpango wa kuongeza megawati 5,000 kwa miezi 40. Mtambo wa Lamu ulizaliwa katika makadirio hayo. Lakini hata kufikia 2019, saa ambazo Wakenya wanatumia umeme mwingi kuliko saa nyingine zote, matumizi ya nchi nzima hayakufika megawati 2,000. Na mkataba ulikuwa wa miaka 25, wa aina ambayo mwenye mtambo hulipwa kwa kuwa mtambo upo tayari, umeme ukitumika au usitumike. Makaa yenyewe kwanza yangeletwa kwa meli kutoka Afrika Kusini. Kwa hivyo dhana ile isiyosemwa ilikuwa na bei, na bei hiyo ingekuja kwenye bili ya mtu wa Kisumu na wa Nairobi pia. Ukitaka kuipata dhana kama hii, jiulize: ni jambo gani lisipokuwa kweli hoja yote inaanguka? Msemaji mara nyingi hadanganyi. Hata yeye hajaiona.

Ahadi ya ajira nayo ilikuwa hivyo. Ujenzi utaleta kazi, na Lamu haina kazi, kwa hivyo Lamu itapata kazi. Katikati pamerukwa: kazi zipi, zinataka vyeti gani, na nani hapa anavyo? Vijana wachache wenye busara walilishika hilo wakadai mafunzo kwanza. Naliona swali lao kuwa bora kuliko kelele nyingi za upande wangu.

Na sasa nije upande wangu huo, kwa kuwa hoja ya mtu unayempenda ndiyo inayohitaji kupimwa kwa ukali zaidi. Ya mpinzani utaipima tu, hata usipofundishwa.

Husemwa: tangu bandari ije, samaki wamekwisha. Gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021, na uchimbaji wa kuongeza kina katika ghuba ya Manda ulitangulia kwa miaka. Wavuvi wanasema samaki wamepungua, nami nawaamini kwa kuwa wao ndio waliokuwako baharini. Lakini jambo kutangulia jingine hakutoshi kuwa sababu yake. Katika miaka hiyohiyo wavuvi wameongezeka, nyavu zenye macho madogo zimeongezeka, bahari imepata joto. Mwaka 1998, bandari ikiwa bado ni maneno, joto la bahari lilipausha na kuua matumbawe sehemu kubwa ya pwani ya Kenya. Kaskazi na kusi nazo hubadilisha mavuno mwaka hadi mwaka. Ukisema tu tangu ije, wakili wa upande wa pili atakutajia hayo yote moja baada ya jingine, na utakaa chini.

Hoja hiyohiyo inaweza kujengwa upya ikasimama. Mvuvi aseme hivi: mitambo ya kuchimba kina ilifanya kazi mahali hapa na hapa. Tope liliinuka likatua juu ya nyasi za baharini na matumbawe ya sehemu hizi. Tafi hula nyasi hizo na mwani wake, changu hukulia humo. Sehemu nyingine ambazo babu zangu walitega madema sasa ni njia ya meli na tumezuiwa. Chombo changu ni kidogo, siwezi kutoka nje ya mwamba wakati wa kusi, kwa hivyo sina pa kwenda. Kisha alinganishe: katika miezi ileile, wenzetu wa Kiwayu ambako mitambo haikufika walipata kiasi gani? Kama nao walipungukiwa vilevile, tutafute sababu nyingine pamoja na hii. Kama hawakupungukiwa, hoja imepata nguvu ambayo kelele haziwezi kuipa. Kila hatua hapo inaweza kukaguliwa, na kila hatua mtu anaweza kuionyesha kwa kidole.

Na hoja za namna hiyo husikilizwa. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi, katika kesi ya mradi huo wa bandari, iliona kwamba haki za wenyeji zilivunjwa, za mazingira safi, za utamaduni, za kupata habari, na ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Kesi ile haikujengwa kwa masikitiko, ingawa masikitiko yalikuwapo ya kutosha.

Kuna na methali. Tunazipenda, na mtu akiitia methali mahali pake mjadala hufungwa, watu wakatikisa vichwa. Wakati wa makaa niliisikia "ngoja ngoja huumiza matumbo" kutoka kwa waliotaka mradi, na "haraka haraka haina baraka" kutoka kwa waliokataa. Zote mbili ni kweli, na hiyo ndiyo shida yake kama ushahidi. Anayeleta methali ya kungoja ana kazi ya kuonyesha kwamba jambo lililo mbele yetu linaharibika kwa kungoja, na anayeleta ya haraka aonyeshe kipi kitakachoharibika kwa haraka. Wakishafanya kazi hiyo tutakuwa tumeshazungumza, methali itabaki kuwa pambo la mazungumzo, na ni pambo zuri.

La mwisho ninalotaka kulisema ni gumu kidogo kwa wenzangu tulioshinda. Hukumu ilipotoka 2019, watu waliingia barabara ya mbele ya mji kwa furaha, na siku chache baadaye ikawa inasemwa kila mahali kwamba mahakama imethibitisha makaa ya mawe ni sumu. Jopo halikusema hivyo. Lilisema leseni ilitolewa bila wananchi kushirikishwa ipasavyo, na kwamba tathmini ilikuwa na mapungufu, likiwamo la kutozingatia vya kutosha mabadiliko ya tabianchi na sheria yake ya mwaka 2016. Na likaacha mlango: anayetaka kuendelea afanye utafiti mpya kwa kufuata sheria. Kwamba moshi wa makaa unadhuru afya tunalo katika elimu ya dunia nzima, hatuna haja ya kulibandika juu ya hukumu isiyolisema. Tukilibandika, siku atakapokuja mtu na utafiti mpya, na mikutano mitatu, na matangazo redioni, tutamwambia mahakama ilishasema, naye atafungua hukumu atusomee, na itakuwa yeye ndiye anayeijua vizuri kuliko sisi tulioipigania.

Basi tuwe na la kwetu mkononi. Kila diko lina BMU yake, kikundi kile cha kusimamia ufuo, na kila BMU inaweza kuwa na daftari moja kubwa: tarehe, chombo, zana iliyotumika, mahali walipovua, samaki gani, kilo ngapi. Msiandike siku nzuri tu, wala siku mbaya tu. Siku ya kutoka patupu nayo iandikwe. Zahanati zinaweza kufanya hivyohivyo kwa maradhi ya kifua, kabla ya mtambo wowote wa aina yoyote kujengwa, ili pawepo na kabla ya kulinganisha na baada. Mikoko ya Lamu, ambayo ni zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, ipigwe picha sehemu zilezile kila mwaka. Daftari likianzwa Kizingitini wiki hii, litakuwa na kusi nzima na kaskazi nzima kabla mwaka haujazunguka.

Walio tayari kuanza katika madiko yao watutumie ujumbe hapa kituoni, na juma lijalo saa hizihizi, inshallah, tutasoma pamoja namna ya kupanga kurasa za daftari hilo.